Wokovu wa Kioo cha Mbele

Barabara ya Jinja kwenda Mbale ina watakatifu wengi, na wengi wao wamebandikwa kwenye vioo vya teksi. Nje, jina la Yesu kwa herufi nyekundu. Ndani, watu 20 katika gari la abiria 14, na breki zimekabidhiwa mbinguni. Dereva husali kabla ya kuondoka stendi. Ukipita Iganga, zamu ya kusali ni ya abiria. Chenji yako? Konda atakuombea. (Wakweli wapo, sikatai, nadhani hupanda basi.)

Ila Mbale iliwahi kupata msomaji wa Biblia wa hatari, yule anayedhani maagizo yake ni ya kutekelezwa. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatwalia Waingereza nchi hizi za mashariki, alisoma Agano la Kale hadi kwenye tohara. Mzee mzima, mkubwa wa watu! Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, na huo ndio mwanzo wa Wayahudi wa Mbale, Abayudaya.

Maskini, angekuwa na teksi, stika ingemtosha.