Wimbi Halijui Pozi

Mpiga picha za harusi ana raha zake. Akisema "sogea kushoto", bibi harusi anasogea. Akisema "cheka", hata wifi aliyenuna anaonyesha meno. Mimi nimejichagulia mawimbi, tena kwa chini, kule Jambiani yanakovunjikia mwambani. Huko anayesogezwa ni mpiga picha.

"Mwanangu," aliniambia mzee wa ngalawa, "wenzako wanilipa niwapitishe mlango wa mwamba salama. Wewe wanilipa nikutupe kwenye povu!"

Kuisimulia kazi hii ni rahisi. Unaifungia kamera kwenye kasha lisiloingiza maji, unazama, unageuza uso juu, wimbi likiumuka unabonyeza. Lakini maji ya wimbi hayaendi mbele tu. Yanazunguka: juu, mbele, chini, nyuma. Nawe unazunguka nayo, kamera mkononi, bila kujua inatazama wapi. Ndiyo maana nina hazina ya picha za goti langu. Na kwa kuwa kioo bapa kikiwa majini hukuza vitu kwa kiasi cha theluthi, ni goti la kutisha.

Adui mwingine ni ukungu. Ukilifunga kasha kwenye joto la pwani, unafungia na unyevu wa hewa. Likikutana na maji yenye ubaridi, kioo kinafifia. Dawa yake ni vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Kwa hiyo mke wangu akinunua viatu, wa kwanza kulirukia boksi ni mimi. Majirani wanasema ni mapenzi.

Na muda nao ni adui. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, amevaa vazi la mzamiaji, na picha moja iliweza kumchukua hadi nusu saa. Nusu saa! Kwenye mwamba wa Jambiani wakati wa kusi, baada ya nusu saa angekuwa amepiga picha Bahari ya Hindi nzima. Mimi naomba sehemu moja ya elfu ya sekunde tu, na hiyo hiyo ndiyo wimbi linaninyima.

Hatimaye wimbi moja likasahau kunizungusha. Lilipita juu yangu, povu likatanda kwa chini, limevimba, jeupe kwa buluu, jua likipenya katikati. Nikaipeleka picha kwa fundi wa fremu. Naye, kwa uaminifu wote, akatia kulabu upande wa chini.

Shangazi alipokuja kututembelea, akasimama mbele ya ukuta, akavuta kanga mabegani.

"Mashaallah. Mvua hii ilinyesha wapi?"

"Ni wimbi, shangazi, kwa chini."

Akaitazama tena, akanitazama na mimi, kwa huruma.

"Haya. Nyingine upige ya kiangazi. Hii inatia baridi."