Shemeji na Maganda Yake

Hapa Texas watu wananunua magunzi dukani. Magunzi ya mahindi, yale yale ambayo kwetu Dodoma bibi anayasokomeza mekoni, huku yanasagwa, yanatiwa kwenye mfuko wenye picha na kuuzwa kwa dola. Mmoja wa wanunuzi hao anaishi kwangu. Ni shemeji, kaka yake mke wangu, mwindaji wa kulungu ambaye hanunui risasi mpya kama wenzake. Anaokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, anayajaza upya. Eti anabana matumizi.

Ganda likishapigwa hujaa masizi, kwa hiyo lazima lisafishwe. Linatiwa kwenye bakuli la umeme linalotetemeka, pamoja na hayo magunzi, na kutikiswa kwa saa kadhaa. Bakuli liko gereji, gereji imepakana na chumba changu cha kulala, na shemeji huliwasha usiku kwa sababu mchana yuko kazini. Kana kwamba mimi mchana niko ufukweni. Nilipolalamika, akaleta pipa linalozunguka, lenye maji, sabuni ya vyombo na vijisindano vya chuma kisichoshika kutu. Maganda yakitakiwa yang'are zaidi, anakamulia ndimu. Wanawake wa pwani walilijua hilo zamani kwenye masinia yao ya shaba, bila umeme na bila kuamsha mtu. Tangu hapo kachumbari tunakula bila ndimu.

Mke wangu, kwa huruma, akampelekea dawa ya kung'arishia shaba. Shemeji akaruka kama kaona nyoka. Yenye amonia haifai, inaidhoofisha shaba mpaka ipasuke. Waingereza waliyaona hayo India karne ya 19, risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi, kwenye amonia ya mkojo, zilipopasuka msimu wa mvua. Sawa, lakini mkojo wa farasi umeingiaje kwenye mazungumzo ya chakula changu cha jioni?

Yote hayo nayavumilia. Kilichonichosha ni mafuta. Ganda la bunduki likipigwa hutanuka, na ili lirudie umbo lake linasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Likiingia kavu linanasa, mashine inang'oa ukingo wa kitako, na shemeji analitoboa kwa drili ili alivute kwa bolti, huku akisema maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuchapisha. Likipakwa mno, mafuta yanakosa pa kwenda na kulibonyeza bega. Maganda ya bastola yaliyonyooka yana nafuu, kwani kalibu zake za kabidi hazihitaji mafuta. Shemeji, bila shaka, anapenda bunduki.

Basi anayapaka lanolini, mafuta yatokayo kwenye sufu ya kondoo, moja moja, kwa ncha za vidole. Halafu, akishayakandamiza, anaanza kuyafuta mafuta yote! Yakiifikia baruti, au fataki inayoiwasha baruti hiyo, risasi inaweza kugoma. Hata bibi harusi wa Tanga hasingwi hivi. Nilimuuliza ameokoa shilingi ngapi mpaka sasa. Akanijibu kwamba matumizi hayajapungua, ila anapiga risasi nyingi zaidi.

Hayo tisa, kumi ni chujio letu la tambi. Masizi yale yana madini ya risasi yanayotoka kwenye fataki, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Shemeji analijua hilo kuliko mimi. Anavaa glavu, ananawa mpaka kwenye viwiko. Lakini Jumapili nimemkuta anatenganisha maganda na magunzi kwa chujio la tambi la jikoni kwangu, kisha akalisuuza na kulirudisha kabatini!

Shemeji, najua unasoma safu hii. Chombo kilichopita kwenye vumbi hilo hakirudi kwenye chakula, hata kikioshwa vipi. Chujio hilo sasa ni lako, likae gereji. Jipya utanunua wewe, na ulilete kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi tunapika tambi.