Siri ya Kamati Nzima
Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, makundi ya marafiki yaligeuka mabaraza ya usalama wa taifa. Elon Musk akawahimiza watu watumie programu ya Signal. Wenye pupa wakanunua hisa za Signal Advance, kampuni ndogo ya Texas isiyo na undugu wowote na programu hiyo. Signal yenyewe ikaelemewa na wageni, ikazimika Januari 15.

Wengine walihamia Telegram kwa kishindo. Ama hawakujua, ama hawakusoma: mazungumzo ya kawaida huko hayafungwi mwanzo hadi mwisho, yasomwe na wahusika tu. Usiri huo sharti mtu auwashe mwenyewe, tena kwa mazungumzo ya wawili tu, kundi halimo. WhatsApp waliyoikimbia ilikuwa ikifunga ujumbe wao tangu 2016, ingawa nani kamwandikia nani, na saa ngapi, hayo huyaona.

Mwaka huohuo wa 2021 mahakama ya Marekani iliidai Signal taarifa za mtumiaji. Ilichokuwa nacho ni tarehe ya kufunguliwa akaunti na mara ya mwisho ilipotumika, basi.

Programu inatunza siri hivyo, kisha shoga mmoja anayapiga mazungumzo yenu picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la kamati ya harusi. Ujumbe wa sauti uliomtumia, anausikiliza ndani ya daladala, spika wazi, konda akichangia hoja.