Jinsi ya Kudumu katika Kundi la Mafundi, Lodwar hadi Kakuma

Hongera, umeongezwa. Sasa uko katika kundi la mafundi wa sola, simu na kompyuta, lenye watu wa Lodwar, Kakuma, Kalobeyei na Lokichoggio, pamoja na wengine walioondoka Kenya zamani ila hawajaondoka humu. Simu imelia tangu alfajiri: picha za nyaya zilizoungua, sauti za jenereta zinazokohoa, na mtu mmoja anayetuma maua ya "asubuhi njema" kila siku. Usijitoe. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Fahamu kwa nini kundi lipo

Mto Turkwel unapita Lodwar. Juu yake, mpakani na Pokot Magharibi, kuna bwawa la kuzalisha umeme wa megawati 106, lililokamilika mwaka 1991. Umeme wake ulivutiwa waya hadi Lessos kuingia gridi ya taifa, na Lodwar ikaendelea kwa miaka mingi kutegemea mitambo ya dizeli. Kama kilomita 120 kutoka Lodwar, kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 na kukua hadi kuwa mji. Makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha, IFC, uliotolewa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000 Kakuma.

Biashara hizo zote zinataka stima: kinyozi, muuza soda baridi, mwenye kuchaji simu, mwenye kuonyesha mpira. Kwa hiyo kuna paneli, betri, inveta na jenereta kila upande, na vyote huharibika. Kipuri kinatoka Kitale, Eldoret au Nairobi. Fundi wa Lodwar anaweza kupanda gari akakifuata. Fundi mkimbizi wa Kakuma lazima kwanza aombe kibali cha kusafiri, na kibali kina siku zake. Lakini swali halihitaji kibali. Linatoka Kakuma 3 na kufika Lodwar papo hapo, nalo jibu hurudi hivyo hivyo. Ndiyo maana kundi hili ni kitu cha thamani, na ndiyo maana ukilichezea utakemewa.

Hatua ya 2: Uliza kama mtu anayetaka kujibiwa

"Wakubwa, inveta imekataa, saidieni." Ujumbe wa namna hii utapata majibu matatu: "pole", "imekataa vipi?" na ua la asubuhi njema. Wakongwe hawakunyimi jibu. Hawana cha kushika tu.

Tuseme una mteja kinyozi. Akiwasha mashine mbili, televisheni na feni, inveta inalia na kuzima. Amekwisha kuambiwa anunue betri mpya, na anakaribia kukopa. Usiulize betri gani ni nzuri. Chukua mita, pima, halafu andika: betri ya volti 12, ikiwa imepumzika inasoma 12.6, mzigo ukiwa umewashwa, inasoma 12.3 kwenye vichwa vya betri, lakini pale waya unapoingia kwenye inveta inasoma 10.6.

Hapo fundi wa Lodwar hatahitaji hata kuona picha. Volti zaidi ya moja na nusu imepotelea njiani kati ya betri na inveta. Betri haina kosa; ugonjwa uko kwenye waya mwembamba mno, mrefu mno, au kwenye bolti iliyoota kutu ya kijani. Atakuambia usugue vichwa, ukaze bolti, uweke waya mnene na mfupi, kisha upime tena. Kinyozi amenusurika deni kwa sababu ulipima sehemu mbili badala ya moja.

Huo ndio uanachama. Hakuna fomu ya kujaza, na hakuna atakayekuuliza ulisomea wapi. Siku utakayoandika swali lenye vipimo, wakongwe watakukariri jina.

Hatua ya 3: Kubali kufundishwa na yeyote

Utajibiwa na kijana aliyejifunza kompyuta katika kampasi ya Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, ile iliyochorwa na msanifu Francis Kéré na kukamilika mwaka 2021, yenye minara inayotoa hewa ya moto nje kama kichuguu cha mchwa. Utajibiwa na mzee aliyeshika redio za mashirika Lokichoggio enzi za misaada ya Sudan. Utajibiwa pia na mama anayechaji simu za watu sokoni, na huyo msikilize kwa makini zaidi.

Mama huyo ameishi na betri kwenye joto lisilopungua. Atakuambia uitoe pale juu karibu na mabati, uiteremshe chini kivulini, penye hewa. Vitabu vinakubaliana naye: kwa kawaida, betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Yeye alijua kwa kuzika betri zake mwenyewe. Mjibu, "Asante, mama," kisha kaihamishe betri.

Wala usidharau Kiswahili cha mtu. Humu kuna cha Kitale, cha Bukavu, cha Mogadishu na cha mtu aliyekianza mwaka jana akitokea Juba. Wala usimpime mtu kwa jina linaloonekana kwenye laini yake. Wapo wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki. Mpime kwa jibu lake.

Hatua ya 4: Gombana kuhusu kazi tu

Ugomvi utakuwepo. Mmoja atasema betri iliyopungua maji iongezwe asidi, mwingine atasema maji ya kisima yanatosha. Hapa simama imara: betri inaongezwa maji ya betri yaliyosafishwa. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki ndani. Ukiiongeza unaikoleza na kuzila sahani. Maji ya visima vya huku nayo yana chumvi nyingi. Gombana juu ya hilo hadi usiku wa manane ukitaka.

Lakini usilete humu siasa za nyumbani kwa mtu. Kundi lina watu ambao nchi zao zilipigana, na wengine ambao ndugu zao walipigana katika nchi moja. Lina wenyeji Waturkana waliokuta ardhi yao imepokea mji mzima wa wageni, na wana haki ya kusikilizwa katika hilo. Watu hawa wote wanaweza kuketi pamoja juu ya mchoro mmoja wa saketi. Ni heshima kubwa waliyojijengea, na sentensi moja ya kipumbavu inaweza kuibomoa.

Hatua ya 5: Rudi useme ilivyoisha

Kuna kiumbe anayejulikana katika kila kundi la ufundi: Bwana Imepona. Anauliza kwa kilio, anasaidiwa na watu watano, kisha anatoweka. Wiki mbili baadaye anaibuka na kilio kipya. Ukimuuliza ile ya kwanza iliishaje, anajibu, "Ilipona."

Ilipona kwa dawa gani? Majibu yalikuwa matano. Moja lilifanya kazi, na ni yeye peke yake anayelijua. Mtu mwingine Kalobeyei, mwenye shida ile ile mwezi ujao, atabahatisha yote matano kwa pesa yake. Kwa hiyo rudi. Andika: "Ilikuwa bolti ya hasi, nimeisugua, sasa inasoma 12.1 kwenye inveta." Mstari huo mmoja una faida zaidi kuliko shukrani za aya nzima.

Hatua ya 6: Jibu lile swali tena

"Paneli yangu ni mpya, mbona saa saba mchana haitoi wati zilizoandikwa?" Swali hili litaulizwa maadamu jua linachomoza Turkana. Usiandike "tafuta juu huko". Jibu: wati za kibandiko hupimwa seli zikiwa nyuzi 25. Paneli za kawaida za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi hapo, hivyo ikifika nyuzi 65 juu ya bati, imepoteza kama asilimia 16. Iinue ipate hewa chini, ifute vumbi asubuhi kabla haijapata moto.

Wewe umeshaandika haya mara nyingi. Anayeuliza ndiyo mara yake ya kwanza, na pengine alishuka kwenye lori wiki iliyopita. Mji ambao watu huingia kila mwezi hauwezi kuwa na swali lililokwisha. Uzee wako humu unapimwa kwa subira uliyonayo kwa mgeni.

Hatua ya 7: Ukiondoka, baki

Mwingine atapata safari. Ataitwa, atahojiwa, atapimwa afya, atangoja, na siku moja atapanda ndege kwenda Kanada, Australia au Marekani. Wengine waliokuwa wameshafunga mizigo walikwama Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wakarudi kwenye meza zao za ufundi. Kwa wote hao kundi halibadiliki.

Aliyeko Minnesota yuko macho wakati Kakuma imelala. Fundi akikwama usiku na jenereta ya zahanati, huyo ndiye atakayejibu. Ana mtandao wa kasi, anaweza kusoma mwongozo wa kiwanda wenye kurasa mia tatu na kurudisha ukurasa mmoja unaohitajika. Usijitoe kwenye kundi ukiwa uwanja wa ndege. Unachokijua kuhusu vumbi la mto Tarach pale Kakuma hakifundishwi huko uendako, na huku bado kinahitajika.

Hatua ya 8: Hifadhi

Desemba 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao wenyewe, KANERE, wakaonyesha kwamba watu wanaohesabiwa kuwa wapitaji wanaweza kuweka kumbukumbu ya mahali vizuri kuliko wengi wanaojiita wakazi. Mafundi tunapaswa kufanya vivyo hivyo. Simu huibiwa, huanguka majini, hufutwa ikijaa. Kila mwezi mtu mmoja ayakusanye maswali yaliyopata ufumbuzi, aandike tatizo, vipimo na tiba, kwa Kiswahili chepesi, kisha ayatume kwa wote na kuyachapisha kwa ajili ya wasio na bando.

Mwezi huu zamu haina mtu. Jitolee.