Jinsi ya Kulilea Tumbo la Ukomo wa Hedhi

Umevuka miaka 45, hedhi inakuja kwa kusuasua, na tumbo limeingia bila hodi. Shoga, fuata hatua hizi, nalo halitakuhama.

1. Mlaumu fundi. Zipu ya sare ya harusi ikigoma, sema kakosea vipimo. Usisikilize habari za estrojeni kupungua, mafuta ya nyonga na mapaja yakahamia tumboni. Wala usiambiwe kwamba misuli hupungua na umri, ndiyo maana wali wa jana na juzi leo umezidi mahitaji.

2. Nunua mkanda wa kubana tumbo na chai ya kukata mafuta. Chai itakupeleka chooni, mkanda utakunyima pumzi. Tumbo wala halina habari.

3. Shinda na njaa kutwa, usiku ujilipe: chapati tatu na soda ya kushushia. Dagaa, mayai na maharage, vyenye kujenga misuli, waachie watoto.

4. Jiunge na kikundi cha jogingi cha Jumamosi. Vaa fulana mpya, piga picha, jikongoje mpaka kwenye supu. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hesabu na zile za kusubiri supu ichemke.

5. Usinyanyue kizito. Shirika hilohilo linahimiza mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, na mifupa, inayodhoofika haraka hedhi ikikoma, inayahitaji. Lakini vyuma ni vya wanaume. Wewe uliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni, utaviweza wapi?

6. Jasho likikuamsha saa nane usiku, shika simu uchambue madeni ya vikoba. Usingizi haba huchochea njaa, na mama wa maandazi naye anatafuta riziki.

7. Presha na sukari usipime. Ila hapa mzaha unakoma: damu ikitoka tena baada ya miezi 12 bila hedhi, muone daktari mapema.

Tahadhari: mwongozo huu hauwafai wanaotembea kwa haraka kila siku, wanaochuchumaa na kuinuka mara kadhaa, na wanaonyanyua madumu ya maji kwa makusudi. Wengine wao kiuno hakijarudi kilipokuwa, lakini daladala wanapanda bila kuvutwa mkono na konda.