Gitaa la Shemeji Juu ya Meza ya Kukatia

Meza yangu ya kukatia nguo ina heshima zake. Haiwekwi sufuria, haikaliwi na mtoto, na hata mama mkwe akitaka kuchambulia mchele hapo hunitazama usoni kwanza. Kwa hiyo siku niliyotoka kununua zipu nikakuta gitaa jekundu la umeme limelazwa juu yake, kifuniko cha mgongoni kimefunguliwa na mume wangu ameshika bisibisi, sikusalimia.

"Usijali, Mama Neema," akasema. "Jambo la dakika tano hili."

Baba Neema ni fundi wa majokofu, na ni fundi mzuri, sikatai. Ila ana ugonjwa wa mafundi wengi wa hapa Tabata: chochote chenye skrubu anakihesabu kuwa ndugu yake. Gitaa lilikuwa la mdogo wake, shemeji yangu, anayekaa nasi na kupiga solo kwenye kwaya. Alilinunua kwa mtu anayefungua makontena ya mtumba kutoka Japani, na alichokipenda ni ule mkono wa chuma uliochomoza darajani, pale nyuzi zinapoishia tumboni. Ukiukandamiza, sauti zote zinaporomoka kwa pamoja, ukiuvuta, zinapanda. Wimbo wa kwaya unaohitaji sauti iporomoke kiasi hicho siujui, labda ule wa kuta za Yeriko.

Sasa, gitaa la kawaida daraja lake limetulia, halina safari. La shemeji linaelea. Limeegemea skrubu mbili tu kwa makali yake ya mbele. Juu, nyuzi sita zinalivuta kuelekea shingoni. Chini, ndani ya tumbo la gitaa, kuna springi tatu zinazolivuta lirudi. Pande mbili zikitoshana nguvu, daraja linalala sambamba na ubao na kila mtu anakuwa na amani. Baba Neema hakujua hayo. Nyuzi zilikuwa na kutu, akachukua plaizi akazikata zote sita, ka, ka, ka. Springi zikabaki hazina mpinzani. Daraja likabinuka kwa kishindo, likang'oka kwenye skrubu zake, na springi moja ikaruka ikapotea.

"Mtungi wa gesi!" mama mkwe akapiga kelele kutoka jikoni, akapita mlango wa nyuma na Neema mgongoni. Springi tuliipata baadaye ndani ya vitenge vya sare ya sendofu ya watu.

Nilitaka kujua ni nani aliyewaza kitu cha namna hii, shemeji akanieleza. Ni Mmarekani, Floyd Rose, mpiga gitaa aliyechoshwa na jambo moja: kila akiutumia mkono, gitaa linatoka kwenye tyuni, kwa sababu uzi ukilegezwa na kukazwa huteleza pale unapopita juu ya shingo, na haurudi ulipokuwa. Alikuwa pia na vifaa vya usonara, basi katika miaka ya 1970 akavitumia kutengeneza vibano vya kuzishika nyuzi pale kichwani. Na darajani nako zikabanwa. Uzi ulioshikwa ncha zote mbili hauna pa kutelezea. Hati yake ya uvumbuzi ilitoka mwaka 1979, wapiga gitaa akina Eddie Van Halen wakaupokea mtambo huo, na miaka ya 1980 magitaa kwa maelfu yakatoka nao viwandani. Wazo zuri kabisa, nalisema bila kinyongo, ingawa mkwaruzo mezani kwangu upo hadi leo.

Mama hakuridhika. Yeye ni mtu wa Morogoro, na usichana wake ulipita katika kumbi ilimopiga bendi ya Morogoro Jazz. Kwake, muziki wa gitaa ulizikwa pamoja na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali mwaka huohuo wa 1979.

"Mbaraka alikuwa na huo mkono?"

"Mama, mambo yamebadilika."

"Na vidole navyo vimebadilika?"

Shemeji akaenda Kariakoo kutafuta nyuzi, na shida ya pili ikaanzia huko. Gitaa lilikuwa na seti ya 9, maana yake uzi mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.009. Duka lilikuwa na seti ya 10 tu, akanunua, tofauti ya namba moja ni nini? Tofauti ni hii: seti ya 9 ikishatyuniwa huvuta kwa jumla ya kilo 38 hivi, na ya 10 huvuta kama kilo 46. Kilo nane zikahamia nyumbani kwetu bila kupiga hodi.

Kuziingiza tu ilikuwa kazi. Kila uzi huja na kipete mwishoni, na kwenye daraja hili kipete hukatwa, ncha tupu ikabanwa kwa kijiwe cha chuma kinachokazwa na skrubu ndefu. Shemeji alipomwona kaka yake anakata nyuzi mpya alitaka kulia, lakini safari hii Baba Neema alikuwa sahihi, video waliyoitazama ilisema hivyohivyo. Alenkii ya milimita 3 iliazimwa kwa fundi wa bodaboda wa kona, ambaye jioni aliifuata mwenyewe, akavuta kigoda, akabaki kama mshauri.

Wakaanza kutyuni. Uzi mnene, E: simu ikaonyesha kijani. A, kijani. D, kijani. Walipomaliza uzi wa sita na kurudi ule wa kwanza, ulikuwa umeshuka karibu sauti nzima. Wakarudia, ukashuka tena. Kumbe ukikaza uzi mmoja, daraja linainama mbele kidogo, na zile tano nyingine zinalegea. Kwa hiyo unazunguka. Ti, ti, ti, mpaka jirani wa ukuta wa pili, mtu mpole sana, akapandisha redio.

Na kila mzunguko daraja lilizidi kuinama. Usiku ulipoingia, nyuma yake palipita kalamu nzima, na nyuzi zilikuwa juu mno, shemeji akizibonyeza anauma meno. Mimi niko kwenye cherehani yangu, nasikia tu. Uzi wa juu ukivutwa kuliko wa bobini, mshono hukunjamana, na hauponi kwa kuuvuta uleule zaidi. Unatafuta ulingano na wa chini. Nikawaambia: huko mbele mmeshakaza vya kutosha, kazeni nyuma.

"Hii si cherehani, Mama Neema."

Sikujibu. Wakanyamaza kidogo, kisha nikasikia gitaa linageuzwa.

Springi zimeshikwa na kipande cha chuma chenye kucha, na kipande hicho kimefungwa kwa skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao. Hapo ndipo pa kulipia zile kilo nane. Unalegeza nyuzi kwanza, usije ukaichana mbao kwa nguvu, unakaza skrubu zote mbili nusu mzunguko, unatyuni upya, unalitazama daraja kwa ubavuni. Bado limeinama? Nusu mzunguko mwingine. Ni kazi isiyotaka mtu wa dakika tano, na namsifu Baba Neema kwamba aliivumilia. Fundi wa bodaboda alishika tochi. Daraja likalala, nyuzi zikashuka, jirani akapunguza redio.

Ikabaki kufunga vibano vya kichwani. Kabla ya kuvifunga, vile vitufe vidogo vya darajani vya kurekebisha tyuni viwekwe katikati, kwa sababu baada ya hapo ndivyo pekee utakavyokuwa navyo. Shemeji alikuwa na haraka. Akafunga, uzi wa B ukapanda kidogo, akashika ufunguo wa kichwani kama alivyozoea, akazungusha. Hakuna kilichobadilika. Akazungusha tena. Uzi ukakatika kati ya kibano na ufunguo, paa! Akashika kichwa. Baba Neema akaugusa uzi kwa kidole, nao ukalia B ileile, umekatika na bado unaimba, maana kibano kilikuwa kimeung'ang'ania. Wakauacha hivyohivyo.

Jumapili gitaa lilipendeza mpaka ubeti wa tatu, uzi wa G ulipokatika, safari hii darajani. Kwenye gitaa lingine ungekuwa umepoteza uzi mmoja. Hapa springi zilipata ushindi wa ghafla, daraja likazama, nyuzi tano zilizobaki zikapanda, kila moja kwa kiasi chake. Kwaya ikaendelea chini, gitaa likawa huko juu peke yake. Shemeji alipunguza sauti akapiga makofi na waumini.

Kwa maoni yangu tulipaswa kuanza kwa kulizuia daraja lisielee. Mtu asiyeugusa mkono kuanzia Januari hadi Desemba hana haja ya daraja linaloelea. Seremala alitukatia kipande cha mninga, kikachomekwa ndani ya tumbo, kati ya bonge la chuma lililo chini ya daraja na ukuta wa shimo, upande wa springi. Springi zinaligandamiza bonge kwenye mti, daraja haliwezi kuzama tena, uzi ukikatika nyingine hazina habari. Mkono bado unashusha sauti, ila haupandishi. Shemeji alinuna kuhusu huko kupandisha.

Sasa rafiki yake aliyeko Muscat amemwahidi seti ya 9, na Baba Neema ameshaanza kuulizia bei ya alenkii. Juzi wakati wa chakula niliwauliza kama wanajua kilo nane zikiondoka daraja litaelekea wapi.

"Mbele," akasema shemeji.

"Nyuma," akasema kaka yake, na wote wawili wakaacha kula.

"Haliendi popote," akasema mama, akijiongezea mchuzi. "Si mmeliwekea gogo?"