Antena ya Baba

"Haitanigharimu hata shilingi," nilimwambia mama, naye akanitazama anavyomtazama muuza nyanya anayeapa kwamba hizi zimefika leo asubuhi.

Sikuwa nikidanganya. Niliamini kwamba nyumba yetu hapa Nakuru imejaa vifaa vya bure. Nilichosahau ni kwamba kila kimoja kina mwenyewe.

Nilitaka kujiundia leza. Fundi mmoja wa kompyuta alikuwa na mashine tatu mbovu za kuchomea DVD, akanipa zote kwa furaha ya mtu aliyeondolewa takataka. Ndani ya kila moja, chini ya lenzi inayoteleza kwenye reli, mna diodi ya leza ndogo kuliko punje ya hindi. Ile ya kuandikia DVD hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 650, ukiukusanya vizuri unatoboa karatasi nyeusi. Jirani yake ni ya CD, nanomita 780, ambayo jicho haliioni vyema. Kuna watu wamewahi kuizika wakidhani imekufa. Kazi ni kuing'oa ile nyekundu, kuisukumia kwenye kibomba cha shaba chenye lenzi, na kuilisha umeme kwa kipimo.

Hapo kwenye kusukuma ndipo penye kesi. Diodi ina upana wa milimita 5.6 na tundu lake ni hivyo hivyo, kwa hiyo haiingii kwa kubembelezwa. Unaikandamiza kwa nyuma, kwenye ukingo tu, pande zote sawasawa, bila kugusa miguu yake mitatu. Wenye pesa huagiza kifaa chake kutoka ng'ambo. Mimi nilizunguka nyumbani nikiona mabomba kila mahali. Mrija wa kalamu ulipinda. Tundu la ufunguo wa kufuli lilikuwa jembamba. Kisha jicho likatua juu ya kabati, kwenye redio ya baba.

Antena ya redio, ukiitazama kwa tamaa, ni mabomba ya chuma yaliyomezana, na kati ya lile nene na lile jembamba lazima lipatikane la milimita tano kasoro. Nilikata kipande cha urefu wa ukucha. Iliyobaki niliiunga kwa selotepu, ikasimama imeinama kidogo kama mzee wa kanisa kwenye maombi marefu.

Sasa nilihitaji jiliwa la kukandamizia, lile ambalo mafundi huliita vaisi. Hatuna. Lakini tuna mlango wa jikoni, na mtoto yeyote aliyewahi kupasua makadamia anajua nguvu ya bawaba ya mlango. Nilipanga kila kitu kwenye pengo: kibomba, diodi, kipande cha antena. Nikaanza kuufunga mlango polepole, nikihesabu pumzi. Diodi ilikuwa imeingia nusu, ikiwa imenyooka kama askari, mama alipotokea upande wa pili na sufuria ya githeri na kuusukuma mlango kwa nyonga. Kilisikika kitu kama jino likivunjika. Githeri haikumwagika, na katika kikao kilichofuata jambo hilo ndilo lililoniokoa.

Diodi ya pili niliamua kuilinda dhidi ya adui asiyeonekana. Januari ya Nakuru ni kavu. Sweta ya mtumba ukiivua gizani inatoa cheche kama jiko linalopulizwa. Cheche ambayo wewe unaisikia kama kuumwa na siafu, kwa diodi ya leza ni radi. Na haifi kwa heshima: inabaki kutoa mwanga mwekundu hafifu wa taa ya kawaida, kama mstaafu ambaye bado anavaa tai. Dawa ni kujifunga waya kifundoni na kuuunganisha na kitu kilichozama ardhini. Nikavua ngozi ya waya wa simu, ncha moja nikaifunga mkononi, nyingine kwenye mfereji wa sinki.

Nilikuwa hivyo, nimeketi kwenye stuli na kibano cha nyusi cha dada yangu, akina mama wa chama walipofika mapema. Walisimama mlangoni wakanitazama nilivyofungwa kwenye mfereji. Mmoja alimuuliza mama kwa sauti ya chini, "Na imeanza lini?" Mama akajibu, "Tangu arudi kutoka chuo." Mwingine aliniletea chai pale pale nilipo, akaniwekea karibu na ule mkono ulio huru.

Diodi ilikufa kabla chai haijapoa. Jioni nilifuata bomba chini ya sinki kutafuta kosa. Lilikuwa la plastiki, mpaka nje, mpaka kwenye mita. Asubuhi nzima nilikuwa nimejifunga kwenye kamba ya mbuzi.

Nilijipa moyo kwa kumkumbuka Theodore Maiman, aliyewasha leza ya kwanza duniani tarehe 16 Mei 1960 kule Malibu, California. Yeye alichukua kijiti cha rubi ya kutengenezwa na kukiweka ndani ya taa ya flashi iliyosokotwa kama springi, aina ambayo tayari ilikuwa ikiuzwa kwa wapiga picha. Hakuna mahali niliposoma kwamba aliichomoa kwenye kamera ya babake.

Ya tatu ilikubali. Sweta nilivua, mlango nikaufunga kwa komeo. Miguu niliilehemu kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la makaa, nao una faida moja: haujachomekwa kwenye stima, kwa hiyo hauwezi kuvujishia kitu umeme. Kidhibiti kilikuwa LM317, volti 1.25 gawanya kwa omu 5, miliampia 250, basi. Joto nililipeleka kwenye kifuniko cha sufuria, alumini safi, kikigandishwa kwa dawa ya meno, ambayo hufanya kazi vizuri hadi ikauke.

Lenzi nayo ilikuwa imeshika vumbi. Wanasema jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai la vumbi, na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2021 hakukulipunguza. Nyumbani tulikuwa na kipande cha jiwe jeupe la Kariandusi, karibu na Gilgil, la siku za safari ya shule. Ni dayatomaiti, maganda ya mwani mdogo wa ziwa la kale, na husugua chuma kiking'ae; kipande cha antena kilikuwa kimetakata kwa hilo. Nikaona nisugue na lenzi. Maganda hayo ni silika, ndugu ya kioo, na lenzi yangu ilikuwa plastiki. Ilitoka kama kitako cha karai. Nilirudi kuchomoa lenzi ya mojawapo ya zile mashine mbovu, nikikumbuka kwamba Kariandusi hiyo hiyo, mahali Louis Leakey alipopagundua mwaka 1928, watu wa kale walichonga mashoka ya mawe bila kumkasirisha mama yeyote tunayemjua.

Kitu kimoja sikuthubutu kukibuni. Leza ya kati ya miliwati 5 na 500 ni daraja la 3B: inaliharibu jicho kabla kope hazijapata habari. Miwani ya jua ya baba ni mtego. Giza lake huifungua mboni na kukaribisha mwanga zaidi. Nilinunua miwani halisi, ya rangi ya samawati na kijani, imeandikwa kipimo cha kuzuia 650. Iliizidi bei ya kila kitu kingine kikijumlishwa, na mama akaikumbuka ile ahadi. Tena ukiivaa huioni nukta nyekundu hata kidogo. Unajua umefaulu kwa harufu.

Basi jioni moja, baba akiwa bado shambani, nilipaka kichwa cha njiti ya kiberiti wino mweusi, nikailenga, nikangoja. Harufu. Kisha fuu! Nilipozima na kuvua miwani, baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kwa hivyo una mashine ya kuwasha kiberiti."

"Ndiyo, baba."

"Na kiberiti chenyewe kilikuwa kikiwashwa na nini?"

Hakungoja jibu. Saa moja ilikuwa imefika. Aliwasha redio, na taarifa ya habari ikatoka kama mandazi yanayotumbukia kwenye mafuta. Akaigusa antena. Selotepu ikambakia mkononi, na vipande vya juu. Akavitazama, akakitazama kile kipande kinachong'aa mezani kwangu.

"Njoo hapa. Shika hapo."

Nilishika kisiki cha antena. Msomaji akasikika wazi, kila herufi. Nikaachilia; mafuta yakaanza kuchemka tena.

"Nani amekwambia uachilie?"

Hii ni wiki ya tatu. Ninayajua majina ya mawaziri wote, na ninajua kwamba michezo huja mwisho kabisa.